Kamera ya Mzee Lendirova

Benchi ni langu. Nalisema mapema kwa sababu wapo watu hapa Majengo wanaodhani ni la serikali. Nililigongesha kwa seremala nilipofungua kibaraza changu cha cherehani, wateja wakalie wakisubiri suruali zao, na tangu siku hiyo sijaona mteja akilikalia. Wanalikalia hawa: Ruksa, anayeleta bidhaa kutoka Kariakoo, na kwake kila kitu ni ruksa tangu soko liwe huria, Profesa, kijana wa intaneti kafe, hajamaliza chuo chochote ila kila jambo amelisoma kwenye kompyuta, na Mama Studio, mwenye studio ya picha ng'ambo ya barabara, ile yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna mtu Dodoma nzima aliyeyaona. Katikati yetu Hanifu muuza kahawa anaweka dele lake na kugonga vikombe. Mimi wananiita Sindano kwa sababu ya kazi, ingawa Ruksa anasema ni kwa sababu ya mdomo. Jumapili hiyo upepo wa Agosti ulikuwa unatujaza vumbi mpaka kwenye kashata, na sote tulikuwa tumebanana upande mmoja wa benchi. Ncha ya pili ni ya Mzee Lendirova, naye hakuwapo.

Kikao kilikuwa juu ya kamera yake. Mzee aliendesha Lendirova ya watafiti wa madini, akazunguka nao Mpwapwa, Kondoa, Manyoni, mpaka walipokuja kupunguza wafanyakazi wakampunguza na yeye. Siku moja akatuambia jambo. Picha zote za safari zile alipiga yeye. Wakubwa walikuwa wanajipanga juu ya jiwe, wanampa kamera: "Dereva, tupige." Yeye na mpishi wao, mtu wa Kondoa, hawamo hata katika moja. Wamelala porini pamoja ujana wao wote na hakuna karatasi inayosema walikuwepo. Sasa anataka kamera ndogo ya kisasa, zile zisizo na mkanda, aende Kondoa wapigwe wawili kwenye jiwe walilokuwa wanakalia wakila ugali. "Mwenzangu hajiwezi sana siku hizi," alisema. "Ya mkanda mpaka isafishwe. Mimi nataka aione hapo hapo." Akatuomba ushauri tumchagulie iliyo nzuri. Maskini, katika watu wote wa mji huu, akatuomba sisi.

— Kesho naingia Dar, akasema Ruksa. Leo tukate shauri. Kuna moja ya megapikseli tatu, ndogo, unaitia mfuko wa shati.

Profesa akacheka mpaka kahawa ikampalia.

— Tatu? Tatu ni ya kupigia paspoti! Mzee anakwenda porini. Porini ni tano kwenda juu.

— Kwa nini?

— Ili mti uonekane mti. Chini ya tano, mti ni moshi.

— Mimi nimepiga watu tangu wewe hujaota meno, akasema Mama Studio, na sijaona mti ukawa moshi.

— Mama, miti yako imechorwa kwenye pazia.

Tukacheka. Mama Studio akamrushia ganda la karanga.

— Megapikseli si kitu, akasema Ruksa. Kitu ni kuvuta. Ile ya Dubai inavuta, wewe! Unasimama Kondoa, unamwona mtu yuko Babati anatafuna muwa. Unaona mpaka fundo la muwa.

— Kuvuta kuko namna mbili, Profesa akainua kidole. Kuna kuvuta kwa lenzi na kuna kuvuta kwa uongo. Kwa lenzi kunavuta kweli. Kwa uongo kunakuza vumbi tu. Tena lazima iwe haiingii maji. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

— Hayo yanahusiana nini na kamera? nikamuuliza. Na Kondoa mwezi wa nane, maji yako wapi?

— Wahenga hawakutaja mwezi, Sindano.

— Haya, na betri? nikasema. Hiyo ya kuchaji, huko majabalini atachaji kwenye nini, kwenye kichuguu?

— Si achukue inayotumia betri za redio, akasema Hanifu. Zinauzwa kila duka.

Tukasogeza vikombe. Hanifu akisema jambo lenye akili huwa tunamwomba aongeze kahawa.

— Nyinyi mnacheza, akasema Mama Studio, na sauti ikamshuka kama mtu anayetoa siri. Kamera hizo hazina negativu. Na negativu ndiyo mama wa picha. Picha isiyo na negativu ni yatima. Siku umeme ukikatika nchi nzima, waliomo humo ndani wanapotea wote, harusi, ubatizo, na marehemu wenu. Mtakuja kwangu mnalia.

— Umeme ukikatika hawapotei, wanalala, akasema Profesa. Tena subirini, Wajapani wanatengeneza moja inayomjua mtu uso. Inakutazama. Usipotabasamu haipigi.

— Hata ubonyeze?

— Hata uipige kofi.

— Basi Sindano hatapigwa picha mpaka anaingia kaburini, akasema Ruksa, wakacheka wote, na mimi nikatema kashata kwa hasira.

— Basi tumwambie Mzee achukue ipi? nikauliza. Ruksa anaondoka kesho.

— Asubiri, akasema Profesa. Mwezi wa kumi zinatoka za nane.

— Mwezi wa sita ulisema asubiri wa nane.

— Haraka haraka haina baraka. Mchagua nazi hupata koroma kwa sababu hakuchagua vya kutosha.

Siyo maana yake hiyo, na yeye anajua. Ila ndivyo tulivyokwenda miezi yote ile. Kila Ruksa alipotaka kusafiri, mmoja wetu alikuwa na kamera nyingine kubwa zaidi, na Mzee amekaa pale kwenye ncha, kikombe mkononi, anatugeuzia uso mmoja mmoja. Mara moja tu alisema, "Jamani, mchagua jembe si mkulima." Tukamzomea kwa upendo. Akamaliza kahawa yake, akasema, "Basi tusubiri," akaondoka peke yake na mguu wake mbovu.

Hanifu alikuwa anamimina duru nyingine msichana aliposimama mbele yetu. Amejitanda kanga mpya yenye mikunjo ya dukani, begi begani, vumbi la barabara ya Kondoa limemjaa mpaka kwenye kope.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, tukaitikia.

— Samahanini. Namtafuta Mzee Sostenes.

Tukatazamana.

— Hapa hayupo mtu wa jina hilo, akasema Ruksa.

— Kuna Sostenes mmoja fundi baiskeli, Chang'ombe, akasema Profesa. Lakini si mzee. Unafuata barabara hii, ukifika...

— Asanteni.

Akageuka aende. Ninamshukuru Mungu kwamba alisita. Akaangalia cherehani yangu, akaangalia studio ng'ambo.

— Alisema kijiwe cha fundi cherehani, mbele ya studio. Alimwambia baba, ukinitaka uliza pale, wale ndio ndugu zangu mjini. Alikuwa dereva. Alisafiri na baba miaka mingi, baba alikuwa mpishi.

Hanifu akaweka dele chini.

— Lendirova, akasema.

— Simjui kwa jina hilo, akasema msichana.

— Ni yeye, mwanangu. Njoo ukae. Basi wewe ni binti wa yule mwenzake wa Kondoa? Baba hajambo?

Hakukaa. Alituambia anaitwa Shamila, anasoma unesi Mvumi, alikuwa nyumbani kumuuguza baba yake. Kisha akasema:

— Baba ametutoka Alhamisi. Tulimzika alasiri.

Hanifu na Ruksa wakasema innalillahi kwa pamoja. Mama Studio akamshika mkono, akampa pole, pole sana mwanangu, na Shamila akautazama mkono ule kama hajui aufanyie nini.

— Siku zake za mwisho, akasema, kila akisikia honi ya basi la Dodoma alitaka tumvalishe shati lake jeupe. Anasema Sostenes anakuja na kamera. Tunamvalisha, tunamketisha. Jioni tunamvua. Kesho yake tena.

Profesa alikuwa ameinamisha kichwa, anakigeuzageuza kikombe chake. Mimi nilitaka nirudi kwenye cherehani nishone chochote, hata mfuko, ili nisimwangalie yule mtoto.

— Nataka nimwambie mwenyewe, akasema Shamila. Nisingependa asikie kwa watu. Gari la Mvumi linakaribia kuondoka, siwezi kumsubiri hapa, ila nikienda kwake haraka nitaliwahi. Naombeni mnielekeze tu. Anakaa wapi?

Ruksa alinyoosha mkono kuelekea Chang'ombe. Profesa alinyoosha kuelekea Kikuyu. Mama Studio alikwisha kuonyesha upande wa stesheni ya reli. Na mimi nilionyesha ile kona ya msikiti, kwa sababu ndiko ninakomwona anatokea kila siku, na ukinipitisha ile kona sijui lolote. Kila mmoja akaona mkono wa mwenzake. Tukaishusha mikono, mmoja mmoja.

— Ana familia? akauliza Shamila.

— Alikuwa na mke, akasema Mama Studio. Nadhani alifariki.

— Si alirudi kwao? akasema Ruksa.

Hakuna aliyejua. Tunajua anakunywa kahawa bila kashata. Tunajua hadithi ya chui wa Mpwapwa, anaianzaje na anaimalizaje. Nyumba yake, jina lake, nani anampikia, nani anamkanda ule mguu, hatujui. Na sisi tunakaa naye kila siku ya Mungu.

Shamila alitutazama kwa zamu.

— Nyinyi ndio ndugu zake? akasema.

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningemjibu, mimi nina mdomo. Aliuliza tu, kama anayetaka kuhakikisha hajakosea mtaa. Kisha akarekebisha begi lake.

— Basi akija, mwambieni nyinyi. Mwambieni taratibu. Baba alimpenda sana.

Akavuka barabara, vumbi likamfunika. Hakuna aliyegusa kahawa.

— Wewe mwenye benchi ndiye utamwambia, akasema Ruksa.

— Aseme mwenye megapikseli, nikajibu.

— Mimi ni mdogo kwenu wote, akasema Profesa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alionekana mdogo kweli.

Mama Studio alikuwa anaangalia mlango wa studio yake.

— Kamera yangu si inaning'inia pale ukutani, akasema. Picha nyeusi na nyeupe nasafisha mwenyewe. Ningepanda basi naye. Ningekwenda asubuhi moja tu, jamani, asubuhi moja.

Akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Hanifu akampa kikombe cha maji, na ndipo nikaona, kule kwenye kona ya msikiti, mtu anatokea na mguu mbovu. Alikuwa anachechemea haraka kuliko siku zote, kifuani amekumbatia kiboksi.

— Nimewachoka! akapiga kelele kabla hajafika. Nimewachoka, jamani! Nimepita dukani Barabara ya Sita, nimechukua hii hii. Megapikseli mbili, Profesa, usinitukane. Betri za redio, Hanifu, umesikia? Unapiga, unaiona hapo hapo. Muuzaji amenipiga, nikajiona nacheka!

Tukainamia vikombe vyetu, naye kwa furaha hakuona. Akaitoa kwenye boksi, ndogo kama kipande cha sabuni, akajivika kamba yake shingoni, akarudi kinyumenyume mpaka katikati ya barabara.

— Kaeni hivyo hivyo, niijaribu. Sogea, Mama Studio. Sindano, kunjua uso.

Tukajikaza kutabasamu. Ikalia kidogo. Akakikinga kioo chake kwa kiganja, maana jua lilikuwa kali, akaisogeza machoni, akaisogeza mbali.

— Mbona mmekaa kama mko msibani?

Hanifu akachukua kikombe cha Mzee, akainamisha dele. Halikutoa kitu. Akalitikisa, akalirudisha jikoni juu ya makaa ambayo nayo yalikuwa yamekwisha.

— Si kitu, akasema Mzee. Kahawa nitakunywa Kondoa kesho. Yule bwana ana shati moja jeupe, nilimwambia alitunze kwa ajili ya picha. Tutaona kama bado linamtosha.

Mama Studio akageuza uso ukutani. Nikasogea. Ruksa naye akasogea, na Profesa, mpaka katikati ya benchi pakawa na nafasi ya mtu mmoja. Katikati, siyo kwenye ncha.

— Mzee Sostenes, nikasema, njoo ukae hapa.

Akaja hatua chache, kicheko kingali usoni. Halafu akasimama, kamera imeshikwa kwa mikono miwili.

— Sindano, akasema. Jina hilo nani amekutajia?