Dada Veneranda na Hadithi Zisizo na Funzo

Wapendwa waombolezaji, tunayemsindikiza leo ni Veneranda Kokushubira, mtoto wa tatu wa mzee Mutalemwa, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1957 Kanyigo, Bukoba. Mimi ni Dativa, mdogo wake. Nikikwama, mtanivumilia.

Alisoma shule ya msingi palepale Kanyigo, kisha sekondari ya Rugambwa. Mwaka 1981 alikuja Stockholm kusomea ukutubi, akafanya kazi maktaba ya Vällingby mpaka alipostaafu mwaka 2022.

Huko maktaba ndiko alikokutana na hadithi fupi za Wajapani wa karne iliyopita, akazipenda kupita kiasi. Baada ya ibada, kwenye chai, alitusimulia kwa Kiswahili: mpishi anampa kipofu mwenye njaa wali uliochacha, kipofu anapata nguvu, anambariki. Basi, hadithi imekwisha. Sisi tuliolelewa na "hadithi hii inatufundisha" tulipiga kelele, "Na funzo je?" Naye, "Funzo? Nendeni mkalitafute nyumbani kwenu." Tukagombana kama yule mpishi alitenda wema au ubaya hadi chai ikapoa. Jamani, dada yangu alijua kutuchokonoa!

Mwaka 1986 alifunga ndoa na Bonaventure, fundi umeme kutoka Bukavu, wakajaliwa Gaëlle na Clovis. Mwaka 2004 shemeji aliondoka, akahamia kwa mwanamke mwingine Skärholmen. Ninalisema hili kwa idhini ya shemeji mwenyewe. Amekaa hapo mbele. Alipopata kiharusi mwaka 2016, yule mwanamke alimkimbia. Veneranda akaenda na teksi, akamleta kwake Hallonbergen, akamlisha na kumwogesha miaka yote iliyofuata.

Kanisani tulimwita mtakatifu. Akatukatiza: "Mtakatifu wapi! Siku nyingine namlisha kwa huruma. Siku nyingine namlisha ili anione vizuri, ajue alichokiacha. Kijiko ni kilekile." Sijapata kumsikia mtu akijisema hivyo.

Shemeji hakuchoka kumuuliza kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "Mama Gaëlle, ulisha kunisamehe ao bado?" Jibu lilikuwa, "Kula kwanza."

Septemba 2024 aligundulika kuwa na kansa ya kongosho. Alipolazwa, shemeji alikosa usingizi kwa hofu ya kuachwa bila jibu. Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, Clovis alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka kitandani. Akauliza tena. Dada akamtazama, akasema, "Nina kiu."

Mimi nilikuwa karibu, glasi tayari mkononi. Dada akageuza uso. Alimsubiri Bonaventure amnyweshe kwa mkono wake mmoja mzima, maji yakimwagikia shuka, akanywa yote yaliyobaki. Alifariki alfajiri ya Jumapili.

Ameacha watoto wawili, mjukuu mmoja, Felicia, na sisi ndugu zake. Ameacha pia mume. Mimi nilikuwa nimeandika "mzazi mwenzake". Gaëlle alichukua kalamu, akafuta, akaandika "mume", na hakuna aliyebisha.

Lala salama, dada. Mungu ajuaye yaliyo moyoni akupokee.