Chupa ya Dawa ya Kupe

Ndani ya basi, fundi cherehani aliomba maji ya kumezea kidonge cha kichwa, na mama wa kiti cha mbele, aliyempakata mtoto wa mbuzi, akampa chupa yake kwa moyo mkunjufu. Fundi akapiga mafunda mawili, akashukuru, akarudisha.

"Ana nini huyo?" muuza maziwa aliyekaa na yule mama akauliza, akimtazama mtoto wa mbuzi. "Kazaliwa juzi, mzima kabisa. Tangu jana anatokwa na mate, anatetemeka. Mama yake kamkataa, nikawa namnywesha kwa chupa." "Chupa gani?" "Si zile za dawa ya kupe? Tulipoogesha mbuzi wote zilibaki tupu." Muuza maziwa akajishika mdomo. "Toba! Mama, ile ni sumu!" "Sumu gani, dada? Nilizisugua kwa sabuni na mchanga. Ya pili ndiyo hii ya maji. Muulize huyo wa nyuma, kanywa sasa hivi. Kwani amekufa?"

Basi zima likageuka kumtazama fundi, kama vile jibu analo.

Gari likasimama. Mama akashuka mbio kwenda kwa daktari wa mifugo, na nyuma yake, bila mbuzi wala kondoo, akashuka fundi.