Mwalimu Chembe na Glasi ya Ukweni

Marehemu, ambaye wengi mliofika hapa mlimjua kwa jina la Mwalimu Chembe, alizaliwa tarehe 9 Juni 1958 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa tatu wa mpika sabuni na mshonaji. Mama yake alisema alizaliwa amekodoa macho, kana kwamba anakagua chumba. Sisi hatukuwepo, lakini tunaamini.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na sekondari mwaka 1973. Huko ndiko alikochungulia kwenye hadubini kwa mara ya kwanza, akaona ngozi ya kitunguu imegawanyika vyumba vyumba, kila chumba na kiini chake. Tangu siku hiyo nyumbani hapakukatwa kitunguu kwa raha, maana ngozi zote alizidai yeye. Dada zake wakawa wanapika kwa kujificha.

Alihitimu ualimu wa biolojia mwaka 1981, akapangiwa sekondari ya kutwa iliyo mkabala na stendi, na hapo alifundisha mpaka alipostaafu mwaka 2018. Chembe nyekundu za damu aliziita wachukuzi, waliotupa hata kiini chao ili wapate nafasi ya mzigo. Protini, alisema, ndiyo tofali na ndiyo fundi. Mfukoni mwa shati hakukosa kichupa cha iodini, dawa ya kahawia inayogeuka bluu nzito ikikutana na wanga. Aliidondoshea mikate, viazi, hata gundi ya bahasha. Na kila darasa alilikaririsha amri moja: pimeni kwanza chombo kitupu, ndipo mpime kilichomo.

Mwaka 1986 alikwenda kujitambulisha ukweni. Baba wa binti alikuwa muuza maziwa, mtu aliyejivunia maziwa yake kuliko watoto wake. Marehemu akaletewa glasi ya maziwa yaliyopoa. Sijui shetani gani alimpitia. Akatoa kichupa, akadondosha. Maziwa yakageuka bluu. Badala ya kumeza mate na kunyamaza, akawatangazia wakwe kwamba kuna unga humo.

Maji yakimwagika hayazoleki, na maziwa ndiyo kabisa. Binti alimpenda hivyo hivyo, wakafunga ndoa tarehe 20 Desemba mwaka huo kwa msajili. Mzee alihudhuria, ila alisimama nje ya geti na baiskeli yake, akaapa kutokanyaga kwa mkwe wake. Miaka ikapita akigawa maziwa mtaa mzima na kuiruka nyumba moja. Marehemu alichekesha watu kuhusu jambo hilo, lakini mkewe anajua lilivyomuuma. Baba yake mzazi alikuwa amefariki, na alitamani sana kuitwa mwana na mtu.

Siku moja mwaka 2007, akiwa darasani, alifuta glasi kwa leso yake, akatia maji matupu, akadondosha iodini. Maji yakawa bluu. Wanafunzi wakacheka. Yeye akabaki anaitazama leso, ambayo mkewe alikuwa ameitia wanga wa kupigia pasi, kama alivyofundishwa na mama yake, mke wa muuza maziwa, ambaye nyumbani kwake kila kitambaa kilisimama chenyewe, cha kufutia vyombo kikiwemo.

Aliliacha darasa likiwa limekaa, akaenda moja kwa moja kwa muuza maziwa, akasema mbele ya wateja:

“Baba, maziwa yako yalikuwa safi. Wanga ulikuwa kwenye glasi, na mimi sikuipima glasi.”

Mzee alimaliza kumpimia mteja, ndipo akauliza, “Umekuja kuhutubia au kununua? Chombo kiko wapi?”

Kesho yake asubuhi kengele ya baiskeli ililia mlangoni kwao.

Machi 2019 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya damu. Chembe nyeupe, askari wa mwili, alituambia, zimeongezeka mpaka zimeziba njia. Aliwafundisha wagonjwa wa wodi nzima, na daktari alisahihishwa mara kadhaa. Alipohitaji damu, mzee wake alifika na kukunja mkono wa shati. Muuguzi akamweleza kwa upole kwamba umri umepita, halafu akauliza yeye ni nani kwa mgonjwa.

“Ni mwanangu,” mzee akasema. “Kama damu yangu imezeeka, ipime kwanza.”

Marehemu alisikia kutoka kitandani. Aligeukia ukutani, na mabega yake yakawa yanatikisika. Alifariki tarehe 2 Novemba 2019, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, dada wawili, na baba mmoja. Tulikuwa tumeandika “baba mkwe”. Jana jioni mzee alisomewa karatasi hii, akatuagiza tulifute neno la pili.

Mwalimu wetu na alale kwa amani.