Bwana Harusi Asiyeonekana

WEGESA: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

EUGENIA: Ni mimi, Eugenia! Natumia simu ya Salome hapa kituo cha afya, yangu haina hata dakika. Usikate!

WEGESA: Aa, Nesi. Ngoja nisogee— haloo? Unanipata? Huku Matongo mtandao uko juu ya kichuguu tu.

EUGENIA: Umepanda kichuguu?

WEGESA: Nyuma ya jiko la mama. Ndiyo napanda... enhe, hapa. Za huko mjini, Nyamisangura?

EUGENIA: Nzuri, ila sijalala. Wegesa, nisamehe kabla sijasema.

WEGESA: Umeangalia.

EUGENIA: Nimeangalia.

WEGESA: Bila mimi!

EUGENIA: Sasa ningefanyaje? Umeaga unakwenda kusalimia nyumbani, wiki imeisha, chumba chako kina kufuli. Odongo wa kibanda cha sinema akaniingizia kwenye flashi, episodi mpya za ile ya joka na za ile ya bibi harusi. Nikasema naangalia ya joka peke yake. Ile nyingine nakusubiri.

WEGESA: Na ya joka ikoje?

EUGENIA: Upuuzi mtupu! Joka limelinda ule mji tangu sizoni ya kwanza, linakuja kuuawa na mshale mmoja! Mshale wa yule mtoto wa mfalme, ambaye juzi tu upinde ulimshinda kuvuta! Nimepiga kelele mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Nikazima kwa hasira. Lakini usingizi hauji, mkono ukaenda wenyewe kwa bibi harusi. Hapo ndipo nilipokoma. Haloo? Wegesa?

WEGESA: Nipo. Sema haraka, kuna watu wananisubiri.

EUGENIA: Watu gani?

WEGESA: Wewe sema kwanza.

EUGENIA: Unakumbuka tuliishia wapi? Binti kaletwa kwa mama mkwe, nyumba kubwa, ukungu kila mahali, na bwana harusi haonekani. Sisi tukadhani yuko vitani. Hayuko vitani! Hayupo kabisa! Yule mama hajawahi kuzaa mtoto wa kiume. Kamwolea mke mtoto ambaye hakuzaliwa! Mezani kuna kiti kitupu, anakiwekea sahani, anakiambia, "Mwanangu, kula, mkeo amefika." Na kiti kikasogea. Chenyewe! Mimi nimevuta shuka mpaka puani.

WEGESA: Lakini—

EUGENIA: Ngoja! DJ mwenyewe kaacha kutafsiri. Anapiga ukelele tu, "Dada, kimbia! Hiyo nyumba ya wachawi, kimbia!" Nami najibu hapo kitandani, kimbia mama, kimbia! Halafu lile jinga linafanya nini? Linakaa. Linanawa mikono. Linakula.

WEGESA: Amemtesa?

EUGENIA: Nani?

WEGESA: Huyo mama mkwe. Amempiga yule binti? Amemnyima kitu?

EUGENIA: Wegesa, kiti kimesogea, wewe unauliza habari za kupigwa?

WEGESA: Mimi sikukiona kikisogea.

EUGENIA: Utakionaje wakati hujaangalia... We! Umeangalia!

WEGESA: Odongo alinirushia siku ile nasafiri, nikiwa stendi.

EUGENIA: Mnafiki wewe! Umeniacha naomba msamaha kama mwizi!

WEGESA: Nimeangalia bila sauti. Huku nalala na mama, ukuta wenyewe ni matete, sauti ingesikika mpaka kwa jirani. Sikumsikia DJ wala ule muziki wao. Nilikuwa namtazama yule mama. Anampozea binti uji, anaupuliza kwanza ndipo anampa. Anamtandikia. Bila makelele yao, Eugenia, ni bibi tu amekaa peke yake miaka yote, sasa amepata mtu wa kula naye.

EUGENIA: Hee. Hiyo uliyoangalia ni nyingine.

WEGESA: Ni hiyo hiyo.

[Sauti ya mwanamume kwa mbali: "Wegesa!"]

WEGESA: [akiitika pembeni] Nakuja, tata!

EUGENIA: Huyo si baba yako? Hao wanaokusubiri ni akina nani?

WEGESA: Wazee. Mzee Wiliam, baba zangu wadogo. Na Mama Regina. Wamekaa uwanjani, simu yako imeita wakati wananiuliza. Nikasema ni kazini, nikatoroka.

EUGENIA: Wanakuuliza nini?

WEGESA: Kama nakubali kuolewa.

EUGENIA: Kuolewa! Na unaniacha napayuka habari za joka! Na nani? Usiniambie Mseti, mume uliyemkimbia, amerudi na maneno yake ya—

WEGESA: Siyo Mseti. Ni Mama Regina.

EUGENIA: Mama Regina ana mtoto wa kiume?

WEGESA: Hana. Ana mabinti tu, na wote wameshaolewa.

EUGENIA: Sijaelewa.

WEGESA: Umeelewa.

[mtandao unakwaruza]

EUGENIA: ...loo? Haloo? Wegesa, hilo ndilo lile walilokuwa wanaongea wamama pale kliniki? Mwanamke anamwoa mwanamke?

WEGESA: Nyumba ntobhu. Mama asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa. Watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake, na shamba linabaki kwao. Wewe umekuja juzi kutoka Songea unaona ni sinema. Kwetu ipo tangu zamani.

EUGENIA: Mungu wangu. Na mimi hapa, kimbia mama, kimbia... Nisamehe. Sikujua.

WEGESA: Ungejuaje.

EUGENIA: Lakini usikubali.

WEGESA: Eugenia—

EUGENIA: Usikubali! Panda pikipiki sasa hivi uje. Utakaa kwangu.

WEGESA: Kwako mlango ulivunjwa na nani? Sema. Nani aliupiga teke, nikaruka dirishani na kanga moja?

EUGENIA: Mseti.

WEGESA: Na polisi wakasema nini? Tukayamalize nyumbani. Akija tena? Atakuja tena, Nesi. Kila akilewa anasema ng'ombe zake ziko kwa tata, kwa hiyo mimi ni wake. Tata ng'ombe wenyewe alishawatoa kumwolea kaka yangu mke, hana cha kurudisha. Mama Regina akitoa ng'ombe, wanakwenda kwa Mseti moja kwa moja, mbele ya wazee. Hapo hana la kudai. Akinigusa, amegusa mke wa nyumba ya watu.

EUGENIA: Kwa hiyo unaolewa ili usipigwe.

WEGESA: Naolewa ili nilale. Wewe hulali kwa sababu ya kiti. Mimi pikipiki ikipita usiku nakaa kitako, nadhani ndiye.

EUGENIA: Najua. Nasikia kitanda chako kupitia ukutani.

[Sauti ya mwanamke kwa mbali, karibu na Eugenia: "We Eugenia, dakika zangu hizo!"]

EUGENIA: Salome, nitakununulia, niache! ...Wegesa, lakini mume? Utaishi bila mume? Utaolewa na nani hasa? Na jina? Na hewa?

WEGESA: Na wewe uliolewa na nani?

EUGENIA: Mimi nina Modestus!

WEGESA: Yuko wapi?

EUGENIA: Si yuko Songea, uhamisho umekwama, unajua.

WEGESA: Tangu nimekufahamu sijawahi kumwona. Namwona kwenye picha, ukutani, amevaa suti. Unamwekea chakula kwa maneno tu: Modestus anapenda hiki, Modestus hali kile. Mimi nimewahi kukwambia kimbia?

[mbuzi wanalia]

WEGESA: Eugenia?

EUGENIA: Nipo.

WEGESA: Nimekuumiza.

EUGENIA: Umenichoma. Umenichoma kweli kweli.

WEGESA: Ni hasira tu. Wamenikalisha pale tangu asubuhi, kila mmoja ananiongelea kama sipo. Wewe nawe unanipigia unasema lile jinga linakaa, linakula.

EUGENIA: Nimekoma mama, nimekoma. Sasa nisikilize, sitakwambia kimbia tena. Nakuuliza kitu kimoja tu, kama nesi. Hao watoto watazaliwaje?

WEGESA: Kwa mwanaume, kwani vipi?

EUGENIA: Mwanaume gani? Nani anamchagua? Kuna wengine wanakuja kliniki wanalia. Wameletewa shemeji mlevi, wameambiwa huyu ndiye. Wengine wako vizuri tu, wamechagua wenyewe, mama mkwe anabeba mtoto anakuja naye chanjo. Wewe utakuwa yupi?

WEGESA: Sijui.

EUGENIA: Hujamuuliza?

WEGESA: Nitamuulizaje? Pale wanaongea wazee. Mimi natakiwa kusema ndiyo au hapana, basi. Wenzangu wote hawakuuliza.

EUGENIA: Hawakuuliza! Hicho ndicho kinachonikera hata kwenye hizo sinema! Mtu anaingizwa kwenye nyumba ya watu, mlango umefungwa, yeye anaona haya kuuliza nyuma ya mlango kuna nini! Kesho yake damu!

WEGESA: Usinitishe.

EUGENIA: Nataka utishike kidogo! Shuka hapo kichuguuni, nenda kamuulize. Mbele yao, wasikie wote. Kabla hujasema ndiyo.

WEGESA: Mzee Wiliam atanila mbichi.

EUGENIA: Akule. Si hao ng'ombe ni wa Mama Regina? Muulize mwenye ng'ombe.

[Sauti kwa mbali: "Wegesa! Huyo bosi wako hana kazi?"]

WEGESA: [pembeni] Nakuja! ...Basi nashuka, Nesi. Usikate. Simu naiacha hapa juu, nikishuka nayo itakufa. Usikate lakini!

EUGENIA: Sikati.

[mtandao unakwaruza, mbuzi, watu wanaongea kwa mbali, hawasikiki vizuri]

EUGENIA: Wegesa? ...Kaenda kweli. Mama yangu. Salome, nyamaza kwanza. Kuna mtu anaulizwa maisha yake huku. Nitakununulia mara mbili, nimesema. ...Wamenyamaza. Mbona wamenyamaza? ...Haloo? ...Huyo anayefoka ni nani? Wegesa? Jamani. Jamani, ningenyamaza mimi. Mdomo wangu huu.

[hatua za mtu anayekimbia, udongo unaporomoka]

WEGESA: Haloo! Upo?

EUGENIA: Nipo! Wamekupiga?

WEGESA: Hakuna aliyenigusa. Nimeuliza. Nimesema, "Mama, mwanaume wa kuja kwangu atachaguliwa na nani?" Mzee Wiliam akaruka, hilo si swali la msichana kuuliza mbele ya wazee, huko Tarime mjini ndiko nilikofundishwa utovu wa adabu. Akafoka mpaka mate yanaruka.

EUGENIA: Nimemsikia! Na yeye Mama Regina?

WEGESA: Alikuwa ameangalia chini. Mimi nikasema basi, nimeharibu. Halafu akamgeukia Mzee Wiliam, taratibu tu, akamwambia, "Ng'ombe ni wangu au wako?"

EUGENIA: Acha!

WEGESA: Nakwambia! Ndipo Mama Regina akanitazama mimi. Akasema yeye aliolewa bila kuulizwa hata kama ana njaa. Akasema nitachagua mwenyewe, na mtu akinisumbua nimwambie yeye. Na nisipotaka mtu yeyote, basi tutalima.

EUGENIA: Amesema mbele yao?

WEGESA: Mbele yao wote. Tata ameinamisha kichwa. Mama yuko jikoni hapa chini, nasikia analia, sijui analia nini.

EUGENIA: Hata mimi nalia.

WEGESA: Wewe unaliaga hata joka likifa.

EUGENIA: Niache! Sasa umejibu nini?

WEGESA: Bado.

EUGENIA: Bado vipi?

WEGESA: Nimewaambia nina mtu kwenye simu.

EUGENIA: Wegesa! Umewaacha wazee uwanjani—

WEGESA: Nitasema ndiyo. Nimeshaamua, Eugenia, moyo umetulia. Lakini nawaona kutoka hapa juu. Wamekaa wote wanaangalia huku. Mzee Wiliam amevua kofia anajipepea. Siku ya kuozwa kwa Mseti walishamaliza kula nyama ndipo nikaitwa niambiwe. Sijawahi kuwaona wakinisubiri.

EUGENIA: Basi shuka mama, shuka uwajibu, wasije wakakasirika, na huku Salome ananinyang'anya—

WEGESA: Sishuki. Ongea.

EUGENIA: Niongee nini?

WEGESA: Chochote. Wacha wasubi—

[Simu imekatika. Dakika za Salome zimeisha.]