Wasifu wa Bi Kamba, Aliyetupimia Kisima

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Kamba, alizaliwa tarehe 3 Machi 1959, binti wa kwanza wa mchimba visima. Mama yao alifariki mapema, hivyo yeye ndiye aliyemlea mdogo wake wa kiume, kitindamimba. Alimbeba mgongoni hata alipokwenda kuchota maji.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1973, akaacha masomo ili mdogo wake asome. Wakati huo hakuona kuwa ni hasara.

Mwaka 1981 alikabidhiwa kisima cha mtaa. Kila asubuhi alishusha kamba yenye jiwe, akaivuta na kupima palipolowa. Fundi pampu alipokuja kumposa, alimkatiza: "Subiri kwanza nipime, nitakusikia." Alisubiri. Walioana mwaka 1983, na fundi huyo, baba yetu, mpaka leo hudai kwamba alioa mke pamoja na kamba yake.

Baadaye kililetwa kipimo cha kuzamishwa kisimani, kinachotuma kina cha maji kwenye simu zetu. Tulikubaliana kwamba maji yakishuka chini ya alama, pampu zote za mtaa zizimwe. Kamati ilisita kumpa mdogo wake kazi ya kukitunza, kwa kuwa alikuwa na pampu kubwa ya kuoshea magari. Bi Kamba aliwaka. "Mkimkataa yeye, mmenikataa mimi." Akapewa. Marehemu naye akaiweka kamba juu ya kabati.

Simu ziliendelea kusema maji ni tele, hata ndoo za majirani zilipoanza kutoka na matope. Bi Kamba aliishusha kamba yake. Jiwe likazama kwenye tope, kamba ikapanda kavu. Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, akakikuta kipimo kinaning'inia ndani ya tangi la kuoshea magari, limejaa mpaka juu.

"Dada, ningezima pampu ningekula nini?"

"Ungeniambia mimi. Nimekulisha tangu huna meno."

Majirani walimnunia dada kuliko mdogo wake, kwa kuwa ndiye aliyemdhamini. Hilo lilimchoma, na sisi wanawe linatuchoma bado.

Presha ilimpanda, na Novemba mwaka jana akapatwa na kiharusi. Mdogo wake alipomletea chupa ya maji hospitalini, alimuuliza kwa taabu, "Umeyatoa wapi haya?" Hakuyanywa. Alifariki alfajiri ya tarehe 14 Mei 2024.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na mdogo wake, aliyeketi hapa mbele. Marehemu alituagiza tumtaje, kwa kuwa ni nduguye. Kumsamehe hakutuagiza.

Mama, pumzika sasa. Kamba tumeirudisha kisimani.