Sindano za Asubuhi

Kibarazani kwa fundi cherehani palikuwa na benchi moja la mbao, birika moja la kahawa na sheria moja isiyoandikwa: mwenye habari mbaya akae nayo kwake. Sheria ya pili ilizuka yenyewe. Kila aliyefika asubuhi, kabla hajapewa kikombe, alitunga uzi kwenye sindano ya mkono, akaichomeka kwenye kimto kilichokaa juu ya cherehani. Fundi hakuwahi kuomba, nao hawakuwahi kuuliza. Asubuhi hiyo alikuwa ametandaza mezani kitambaa cheupe cha gauni la harusi la mpwa wake. Mkasi ulikuwa mkononi tangu kikombe cha kwanza, na hajakata hata inchi moja. Mstari wa chaki ya bluu alioupiga jana, kautafuta mpaka kachoka.

— Kata bwana, unaogopa nini? — alisema Pancha, fundi baiskeli wa jirani, huku akilamba ncha ya uzi.

— Nawaza mshono.

Uongo. Alikuwa anaogopa kweli. Kitambaa hakikuwa na akiba, na kila alipoinama aliona ukungu tu.

— Tatizo ni sindano za siku hizi, — Pancha akaendelea. — Wamezipunguza matundu. Makusudi kabisa!

— Sindano mnaisingizia, — alisema Msomi, karani mstaafu aliyesoma hata magazeti yaliyofungiwa misumari. — Ni jua. Jua linazeeka, jamani. Huu mwanga wa saa nne, zamani ulikuwa wa saa kumi na mbili jioni.

— Mbona mimi naona vizuri? — aliuliza muuza kahawa.

— Wewe unamimina kahawa nyeusi kwenye kikombe cheupe. Kuna mtu wa kukosea hapo? — Msomi akamjibu.

Wakacheka. Fundi akacheka kuwashinda wote, maana kicheko chao kilimtuliza roho.

— Na ile suruali ya mwalimu? — muuza kahawa akakumbuka. — Ile yenye zipu nyuma?

— Kwani karudi kulalamika? — Pancha akadakia.

— Hata kupita hapa hapiti tena.

— Basi karidhika!

Msomi akainua kidole, na wote wakajua sasa inakuja ile kubwa.

— Niwape siri. Macho ya fundi hayapungui, yanahama. Yanashukia mikononi! Fundi akishafika daraja la juu kabisa, macho ya usoni ya kazi gani? Mwakani huyu atashona amelala.

— Tena anakoroma! — Pancha akadakia.

Fundi alitamani sana iwe kweli. Akapapasa kitambaa taratibu, akavipa vidole nafasi vione. Havikuona kitu.

Ndipo akafika dada yake mkubwa, mama wa bibi harusi, kuja kuangalia kazi imefikia wapi. Akasalimu, wakamwitikia. Alisimama akiwatazama watu wazima wawili, kila mmoja na sindano yake na jicho moja kalifumba.

— Mlianza lini kumtungia uzi?

— Juzijuzi tu, dada, — alisema Pancha.

— Tangu ile mvua kubwa, — alisema muuza kahawa wakati huohuo.

— Mvua gani? — Msomi akateleza. — Mimi nimestaafu nimemkuta Pancha anatunga.

— Na wewe umestaafu lini? — dada akauliza.

Msomi akaigeukia sindano yake. Pancha akajitia kutafuta kitu ndani ya kikombe.

— Miaka miwili na zaidi, — alisema fundi mwenyewe. — Nilikuwa najua, dada. Hawa nawatambua kwa vikohozi vyao. Nilijidanganya kwamba tukiendelea kucheka hivi, halitakuwa jambo la kweli.

— Mdogo wangu! Na gauni ungelikata?

— Ningelikata. Leo hii ningelikata.

Akauweka mkasi mezani, mbali na kitambaa.

— Nipeleke kwa daktari wa macho. Sasa hivi, kabla hawa hawajanitia moyo tena.

Dada akazunguka meza kukikunja kitambaa, Pancha akainuka kumpisha. Fundi akainuka, akanyoosha mkono kule alikoisikia sauti ya dada mwisho, akapata bega, akaling'ang'ania.

— Twende, dada.

— Ni mimi, fundi. Ni Pancha, — ilijibu sauti, chinichini. — Twende tu.