Josho Lilipokuwa Langu Peke Yangu

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi vijana mliokaa nyuma, marahaba. Naitikia mapema kwa sababu najua mnasubiri niwaangalie ndipo mnisalimie.

Kikundi chetu hiki cha wafugaji kina desturi: kabla ya kugawana zamu za josho, yaani za kuogesha mifugo dawa ya kupe, mtu mmoja husimama akasema alikopita. Leo mmenisimamisha mimi. Wengi hapa niliwafundisha hesabu darasa la tano, na fimbo zangu mnazikumbuka. Sitamtaja mtu jina. Jina moja tu mnalijua tayari, na hilo ni langu.

Nilipostaafu nilirudi huku bondeni nilikowahi kufundisha, na mafao yangu mkononi. Josho la zamani lilikuwa limepasuka, limebaki shimo la kuangukia mbuzi. Josho jingine la karibu lilikuwa mwendo wa siku nzima, na ng'ombe wakirudi kutoka huko wameshaokota kupe wapya njiani. Nikaona hapa pana kazi. Nikachimba, nikamwaga zege, nikaezeka, nikaweka pampu ya maji. Siku ya kwanza wazee walimimina maziwa mlangoni wakanibariki. Bei ilikuwa shilingi mia mbili kwa kichwa, kila Jumanne. Ng'ombe walikuja mpaka vumbi likafunika barabara. Nilikuwa na furaha jamani, sitaki kuwadanganya. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa mtu mzuri.

Kuharibika kwangu kulianza siku dawa ilipokaribia kwisha. Nikasimama langoni nikatangaza kwamba leo ni mia nne. Nilitegemea wote waondoke ili dawa itoshe wiki ijayo. Waliondoka kama theluthi. Waliobaki walilalamika, wakanitukana kwa lugha ambayo walidhani siielewi, kisha wakalipa. Nilipofunga lango nilikuwa nimeogesha ng'ombe wachache, nimetumia dawa kidogo, maana kila ng'ombe hutoka na dawa mgongoni, na bado mfuko ulikuwa mzito kuliko Jumanne zote zilizopita.

Ndugu zangu, nawaambia, mwalimu wa hesabu hapaswi kuonyeshwa kitu kama hicho.

Nikaanza kujaribu. Mia tano, wakapungua kidogo, faida ikapanda. Mia sita, wakapungua tena, faida ikapanda tena. Mia saba, hapo waliondoka wengi mno, nikaona nimevuka kilele, nikarudi mia sita. Nikagundua pia kwamba nikifungua mara moja kwa wiki mbili naokoa dizeli na dawa, na watu wanakuja na hofu, hawabishani. Mnaelewa nilichokuwa natafuta? Sikutafuta bei ya kumaliza kupe. Nilitafuta bei ambayo mtu itamuuma lakini hataondoka. Na wale walioondoka sikuwahesabu, kwa sababu kwenye hesabu yangu mtu aliyeondoka alikuwa dawa iliyookolewa.

Ningekuwa na mwenzangu jirani mwenye josho, nisingethubutu. Watu wangehamia kwake siku ileile. Na mwenzangu alijaribu kutokea. Kijana mmoja, nasikia yuko humu ndani, alinunua bomba la kubeba mgongoni akawa anapita boma kwa boma kunyunyizia ng'ombe dawa. Nilifanya nini? Nilishusha bei mpaka mia moja. Mwezi mzima niliogesha kwa hasara huku natabasamu langoni. Watu wakamkimbia. Alipoishiwa nikanunua bomba lake kwa bei ya kutupa, nikalitundika stoo, na Jumanne iliyofuata bei ikarudi mia sita. Usiku nililala vizuri. Hilo ndilo linaloniogopesha hadi leo, kwamba nililala vizuri.

Sasa kuna mama mmoja mjane, jirani yangu, mtu wa jamii ya wafugaji wa bonde hili. Mume wake alimwachia ng'ombe kumi na moja. Mwanzoni aliwaleta wote. Bei ilipopanda akaleta wanne wanaokamuliwa, wengine akawaacha. Siku moja alikuja na ndama watatu tu, akaniambia, "Mwalimu, niogeshee hawa. Wakubwa watavumilia, lakini hawa hawana nguvu."

Nikamjibu, "Mama, bei ni moja. Mwenye pembe na asiye na pembe."

Akatoa hela aliyokuwa nayo ikatosha ndama mmoja. Akasimama pale akiwatazama watatu wale muda mrefu, hajui amchague yupi. Nilimwambia awahi, kuna foleni.

Mvua zikaja, majani yakawa marefu, na ndigana, homa ile inayoletwa na kupe, ikaja nazo. Asubuhi ya Jumapili nilipita kwenye boma lake nikielekea ibadani. Alikuwa anakamua. Mbele ya ng'ombe kulikuwa na ngozi ya ndama imejazwa majani makavu, na ng'ombe anailamba. Ninyi wafugaji mnajua. Ndama akifa mama yake hukataa kuachia maziwa, basi hutengenezewa ngozi ya mwanawe, anainusa, anailamba, anadanganyika, anaachia. Nilisalimia. Akaitikia vizuri, akanikaribisha, akanimiminia maziwa yale kwenye kikombe akanipa.

Nikanywa. Maziwa ya moto, ng'ombe bado analamba ngozi. Wiki zile nilipita maboma mengi, na karibu kila boma niliziona ngozi hizo, nyingi zimetengenezwa na mama yule, zimesimamishwa kwenye vijiti au zimelazwa chini. Nikaanza kusikia ng'ombe wanaolilia ndama hata mahali ambapo hawapo. Tukiimba kanisani nasikia ng'ombe analia nje. Nikitoka, nje hakuna ng'ombe. Mke wangu akadhani presha.

Mnasubiri niseme kwamba hapo nilitubu. Hapana. Nilibadilisha njia ya kwenda kanisani.

Kilichonivunja kilikuja nyumbani. Mimi pia nina ng'ombe, wale wa kisasa wachache. Siku josho halifunguliwi, dawa haichanganywi, kwa hiyo nao walikuwa wanaogeshwa mara moja kwa wiki mbili, kama wengine. Na malisho yetu ni ya wote. Ng'ombe niliowafukuza langoni walikuwa wanadondosha kupe kwenye majani yaleyale wanayokula wa kwangu. Nilifundisha hesabu miaka thelathini na hiyo hesabu ikanishinda. Ndama wangu akafa siku ya nne ya homa. Bwana mifugo alipokuja alinikuta tayari nachimba shimo.

Mama wa ndama yule akalia. Huyu sasa alikuwa ng'ombe wa kweli. Alilia kutwa, akamzuia mke wangu asimguse, kiwele kikavimba kikawa kama kibuyu. Sisi tuliozaliwa Mbulu, kule milimani, tuna ufugaji wetu, lakini mimi na mke wangu ile kazi ya ngozi hatukuijua. Mke wangu hakunishauri. Alifunga kanga akaenda kumwita yule mama.

Alikuja. Akafukua ndama niliyemzika, akamchuna taratibu, akapaka ngozi chumvi, akaijaza majani, akamfundisha mke wangu namna ya kuisogeza na kuimba kidogo kidogo. Jua lilikuwa kichwani ng'ombe alipoinama akalamba, na maziwa yakatoka. Mimi nilikuwa nimesimama na pochi mkononi.

Nikasema, "Mama, asante sana. Nikulipe kiasi gani?"

Alikuwa ananawa mikono. Akasema, "Mwalimu, katika ujirani huu mzima anayejua kazi hii vizuri ni mimi peke yangu. Ningekutajia bei yoyote, ungetoa."

Nikasema ni kweli, ningetoa.

"Lakini ng'ombe alikuwa analia," akasema. Akachukua fimbo yake akaondoka.

Ndugu zangu, nilikaa chini palepale kwenye mavi ya ng'ombe. Mke wangu aliingia ndani akaniacha, na alifanya vizuri kuniacha.

Mengine mnayajua. Nilikwenda kwa wazee nikaomba kikao. Mlinisema tangu asubuhi mpaka ng'ombe wakarudi, na nilistahili kila neno. Bomba nikamrudishia kijana na pesa yake ya hasara. Josho tukaliweka chini ya kikundi: bei tunaipanga wote kila msimu, inalipa dawa, dizeli na matengenezo, na mimi napata kodi ya eneo langu tu. Kila Jumanne. Mwaka huu mvua zimepita na ndama wamesimama. Nawashukuru wazee mlionipa kiti badala ya kunifukuza. Nakushukuru wewe kijana wa bomba, uliyekubali kunishika mkono. Namshukuru mke wangu, ambaye hakunitetea.

Funzo langu ni fupi. Iko siku utakuwa wewe peke yako mwenye kitu, iwe gari, kisima au ujuzi wa mikono. Utaona watu wanalipa utadhani wamekubali. Usiwaangalie wanaolipa. Toka nje ya lango uwatazame wanaorudi na mifugo yao, uone wanaelekea wapi.

Mimi nilitoka nimechelewa. Baada ya kikao kile nilikwenda kwa yule mama kumwomba msamaha, nimebeba asali na shuka jipya. Nikakuta zizi limefunguliwa, jivu limepoa. Majirani walisema amehamia kwa kaka yake na ng'ombe watatu waliobaki, wengine wanasema upande wa Balangdalalu, wengine mbali zaidi. Nimeuliza minadani, sijampata. Ninyi mmenisamehe, na nawashukuru kutoka moyoni. Lakini msamaha wenu si wake.